Gari Lisilo na Klachi

Wenzake kiwandani walimwita Mama Giaboksi, naye hakuchukia, maana nusu ya umri wake ilikuwa imeishia kwenye meza ya kuunganishia giaboksi.

Mumewe alikuwa dereva wa lori hadi ajali ilipomwondolea mguu wa kushoto kuanzia goti, ule wa kukanyagia klachi. Tangu hapo alishinda dirishani akisikiliza magari yakipanda mlima. "Gia ya tatu hiyo," alikuwa akijisemea. "Sasa arudi ya pili. Mbona anachelewa?" Mkewe alimsikia kutoka jikoni. Alimtamani yule wa zamani, aliyekuwa akimpakia mbele siku za mapumziko wakaenda popote barabara ilipowapeleka.

Magari yanayojibadilishia gia yalikuwepo, lakini makubwa, ya wenye nazo. Vigari vya watu kama wao vilivutwa na magurudumu ya mbele, injini imelazwa kwa kukingama upande hadi upande, na giaboksi ya otomatiki kwa urefu wake haikupata pa kukaa. Wakubwa wa kiwanda waliposema ikunjwe, ilazwe sambamba na injini na nguvu ivushwe kwa mnyororo, Mama Giaboksi aliomba kuhamishiwa kazi hiyo kabla hawajamaliza kusema.

Haikuwa kazi lelemama. Mnyororo ulilia, ukalegea, mafuta yakaungua. Walifunga na kufungua mpaka vidole vikaota sugu.

"Mama, nenda nyumbani," mhandisi alimwambia jioni moja.

"Nyumbani kuna mtu anangoja," akajibu. "Ndiyo maana siendi."

Miaka ilipita. Hatimaye giaboksi ikatulia, naye akaruhusiwa kuazima gari moja la majaribio. Mumewe aliketi kwenye usukani.

"Nifanyeje?"

"Achia breki, kanyaga mafuta."

"Basi?"

"Basi, mume wangu."

Likaondoka taratibu. Mama Giaboksi alimwangalia usoni, akaiona furaha aliyoikosa miaka yote. Lakini mlimani, injini ilipobadili sauti, akaona paja la kushoto likiinuka.

"Unaitafuta klachi?"

"Naitafuta. Lori lilikuwa likiniuliza, nami nikilijibu. Hili halina haja na mimi." Akaongeza mafuta. "Lakini usiniambie turudi."

Hakumwambia. Walipita njia panda ya kwao bila kukata kona. Mkewe aliweka mkono juu ya paja lile, na kwenye kilima kilichofuata likainuka tena, na mkono wake nao.