Skafu ya Mlinzi

Tangu ghala la pamba la hapa Guta libaki tupu, mlinzi wake analinda popo. Rungu kaliegemeza mlangoni, mikononi ana vijiti viwili alivyochonga mwenyewe, anafuma skafu. Nilimfundisha mimi, na najuta. Vidole vyake vinene vinaukaba uzi utadhani mwizi wa ng'ombe, na kila akimaliza mstari anapuliza pumzi kama aliyetua gunia. Uzi wenyewe ni sweta ya marehemu mkewe. Kaifumua, kaukunja mara tatu uwe mnene. Jumamosi binti yake wa miaka sita anapelekwa kwa shangazi, milimani Tarime kwenye baridi, maana hapa chakula ni cha kubahatisha. Ila kila mstari anaokota kitanzi cha ziada pembeni, skafu inazidi kupanuka.

“Shemeji, hii ni skafu au blanketi? Fumua nikuoneshe.”

Akailaza mapajani, akaipima kwa kiganja.

“Mwanzo nilikuwaga nafumua. Sasa acha ipanuke, shemeji. Mpaka nije nimwone tena atakuwa mkubwa. Nataka bado imfunike.”

Mstari uliofuata akaongeza kitanzi kingine. Nilikiona, nikamshikia uzi.