Hodi Tatu za Mzee Shaame

Mzee Shaame alikuwa akiubishia hodi msitu. Alizima gari, akashuka, akasimama mbele ya vichaka na kusema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha watoto, "Hodi." Akangoja. Akasema ya pili, akangoja zaidi. Ya tatu ikipita bila ndege kuitika wala jani kutikisika, aligeuka akarudi garini, hata awe na wageni wanne nyuma yake walioondoka Kiwengwa kabla ya jua, kamera zikiwaning'inia shingoni. "Leo hawataki wageni," alisema. "Na nyumba ni yao."

Mayasa ndiye aliyewatafsiria wageni maneno hayo, na mwanzoni aliona haya. Alikuwa ametoka chuoni na cheti cha utalii, akaajiriwa na Abizer, aliyekodisha magari madogo karibu na Michenzani kwa wageni waliopenda kujiendesha wenyewe. Mayasa alishughulika na mikataba na vibali. Mzee Shaame alikabidhi funguo na kumweleza mgeni wapi ataona nini, na walioomba kupelekwa aliwapeleka mwenyewe. Swali la kwanza siku zote lilikuwa simba.

"Simba wako ng'ambo," alijibu. "Huku tuna wanyama wenye haya."

Kisha aliwaelekeza. Waende Jozani asubuhi kuwaona kima punju, wapunguze mwendo kwenye matuta, maana kima havuki barabara kwa kutazama kulia na kushoto. Waende Mkokotoni maji yakitoka, wawaone ndege wa matopeni. Abizer alikuwa hachoki kumtania. "Shaame bhai, mie nnakodisha gari, weye unakodisha adabu."

"Sikodishi, naazima tu," Mzee Shaame alimjibu. "Na wengi hawarejeshi."

Alizaliwa Muyuni, kusini ya kisiwa, mtoto wa msasi. Babake aliwinda kwa nyavu na mbwa, lakini hakufungua mbwa hata mmoja kabla ya kubisha hodi, na msitu ukinyamaza alirudi nyumbani mikono mitupu, akala muhogo mkavu na wanawe. Shaame mwenyewe aliacha kuwinda angali kijana, siku alipomtoa wavuni paa aliyekuwa na maziwa. Akaendesha lori la mawe miaka ishirini na zaidi, mpaka mgongo ulipokataa, ndipo akaja kwa Abizer. Wavu aliuacha. Hodi hakuiacha.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo hakumwelekeza mgeni yeyote. Ni nyuma ya shamba la marehemu babake, penye mawe na vichaka vya kupita kwa ubavu, ambapo paa nunga walitoka kulisha asubuhi. Mayasa alipelekwa huko mara moja, mwaka aliofiwa na babake. Tangu siku ya msiba alikuwa hajatoa chozi, na watu walikwisha kuanza kumsema. Mzee Shaame hakumpa pole. Alimpakia garini baada ya sala ya alfajiri, akampeleka, akabisha. Kwenye hodi ya pili paa alitoka, mdogo kama mbuzi wa miezi michache, kishungi chekundu kichwani, miguu ina madoa meupe kama iliyonyunyiziwa chokaa. Akawatazama. Mayasa akalia mpaka paa akaenda zake, na mzee akasimama kando akitazama pengine.

Tangu hapo alikuwa babake wa pili, ingawa hawakuwahi kulisema jambo hilo.

Ulipofika wakati Abizer akaamua kwamba wageni siku hizi huongozwa na simu, na kwamba mzee wa miaka sabini apumzike, Mayasa aliumia kuliko mwenye kuachishwa. Akafikiri, mtu hawezi kutoka hivi hivi, na jina lake litoke naye. Akachora ramani ya kisiwa, akatia kila mahali alipofundishwa, kima, komba, ndege. Na kusini, nyuma ya shamba, akaweka nukta nyekundu na maneno matatu: Kwa Mzee Shaame. Akachapisha mia tano, za kugaiwa wageni pamoja na funguo. Hakumwuliza, kwa kuwa zawadi haiulizwi.

Alimpa siku ya kumuaga, baada ya biriani. Mzee Shaame alivaa miwani, akaipitia karatasi taratibu kutoka kaskazini kushuka chini, mpaka macho yakafika kwenye nukta. Hapo yakasimama. Akauliza zimechapishwa ngapi. Mayasa akamwambia, kwa furaha. Mzee akaikunja ramani mara nne, akaitia mfukoni.

"Mashaallah," alisema. "Jina umeliandika vizuri."

Yaliyofuata Mayasa aliyasikia kwa simu kutoka kwa Khairat, binti wa mzee. Magari yaliingia mpaka kwenye mihogo. Wengine walipiga honi ili paa watoke. Magurudumu yakafungua njia pale palipokuwa pa kupita kwa ubavu, na kwa njia hiyo hiyo, asubuhi moja, wakaja watu wasiojulikana na mbwa na nyavu. Hao hawakubisha.

Mayasa alizikusanya ramani, akapata mia tatu na kitu. Zilizobaki zilikuwa picha ndani ya simu za watu, ambako mkono wake haukufika. Akaenda Muyuni kuomba radhi. Gari aliliacha barabarani, akatembea. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukukomewa, na ndani redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Akabisha hodi. Redio ikazimwa. Akabisha ya pili, akamsikia mzee akikohoa. Ya tatu ikapita kimya. Mayasa alisimama kidogo, kisha akafanya alivyofunzwa, akageuka akaenda zake. Njia nzima alijiambia kwamba nyumba ni yake, na hataki mgeni.

Hakurudi tena. Mwaka mzima alimuuliza Khairat habari za mzee, na Khairat alimjibu kwamba kila alfajiri huenda nyuma ya shamba, hubisha, hurudi. Anajibiwa? Hajibiwi. Kuomba ruhusa ya kwenda tena, Mayasa alishindwa. Kila alipotaka kulitamka neno hilo aliisikia ile redio ikizimwa.

Kisha Khairat akapiga simu yeye, akasema mzee amepata kiharusi, upande mmoja umelala, na maneno yanamtoka kwa shida. Mayasa alifika adhuhuri. Khairat alikuwa kisimani. Mlango ulikuwa umerudishwa kama siku ile. Akabisha mara tatu, hakujibiwa, na miguu yake yenyewe ikageuka.

Ndipo aliposikia sauti kutoka ndani. Aliingia mbio, akaushika ule mkono uliokuwa bado na nguvu, akakaa naye mpaka alasiri. Mzee hakusema jingine, alimtazama, akalala. Jumatatu akazikwa nyuma ya shamba. Kila neno ambalo mzee alitaka kumwambia Mayasa lilikuwa limekwisha kusemwa kutoka ndani, Mayasa akiwa bado mlangoni, pole pole, moja baada ya jingine:

"Hodi tatu ni za wageni, mwanangu. Siku ile mbona uliondoka?"