Ijumaa za Mwalimu Kasereka na Meza ya Barabarani

Sisi tuliozaliwa Butembo kabla bendera ya Wabelgiji haijashushwa tulifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kusoma. Vijana wa leo hucheka nikisema hivyo. Wacheke tu. Wao wamekua na simu mkononi, na simu hainyamazi.

Nakumbuka ukungu wa asubuhi tulipokuwa tukiteremka kilima kwenda shule ya Waprotestanti, miguu peku, kila mtoto na viazi viwili vya kuchoma mfukoni. Viazi hivyo vilitupasha vidole joto njia nzima, na saa ya mapumziko tukavila. Baba alikuwa akituonya: "Mutoto anayekula mu njia, atasoma na njaa." Mimi nilikuwa nakula kimoja darajani, na kweli nilisoma na njaa miaka yote ile. Kengele yetu ilikuwa kipande cha chuma cha gari bovu, na ilipolia, hata waliokuwa wanaruka kamba ya migomba waliiacha ikiwa bado hewani.

Mwalimu wetu wa darasa la nne aliitwa Kasereka. Alikuwa mwembamba, na tai yake moja ilikuwa na alama ya pasi iliyoungua. Kila Ijumaa baada ya mapumziko alitwambia tusogeze madawati. Somo lililofuata halikuwamo katika kitabu chochote cha misheni. Mwenyewe aliliita somo la mdomo. Pembe moja ya darasa ikawa soko, nyingine nyumba ya wakwe, ya tatu bureau, yaani ofisi ya serikali, na ile ya karibu na mlango ikawa nyumba ya kilio, penye msiba. Alikuita jina, akakutuma: "Baba amekutuma bureau. Ingia." Au: "Mama amekutuma kwa wakwe. Ingia." Sokoni ulitakiwa upige kelele na kuyasifu maharagwe yako kama watoto wako. Kwa wakwe uliacha macho mlangoni na hukumtaja mtu kwa jina. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mimi nilikuwa malkia wa bureau. Uhuru ulikuwa bado mbichi, Wazungu wameondoka na kuviacha viti, na kila mzazi alitaka mwanawe akakikalie kimoja. Ukiiona meza yenye karatasi na muhuri, unasimama wima, mikono nyuma, unasalimu wa kwanza, tena kwa Kifaransa, kisha unataja jina na shida yako. Nilipata kumi juu ya kumi.

Kilio ndicho kilichoniangusha. Niliingia kwenye ile pembe kifua mbele, nikatoa salamu yetu ya asubuhi kwa sauti, "Wavukire! Habari ya hapa?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Masika, mutu alikufa na unauliza habari? Habari ndiyo iko inalala pale. Kaa chini kwanza. Hapana kusema kitu mpaka bakuulize."

"Lakini Mwalimu, nikikaa tu, batajua namna gani kama ninajua kusema?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari lake la alama, akaniandikia zero kwa wino mwekundu. Nilimchukia wiki mbili nzima.

Kisha waasi wakafika, na shule ikafungwa. Walisema wanaojua Kifaransa ndio walioula uhuru wakawaachia wenzao maganda. Walimu wawili wa shule ya jirani walichukuliwa mchana kweupe, na hawakurudi. Mwalimu Kasereka aliichoma tai yake, akaacha ndevu ziote, akaja kujificha kwetu, kwa kuwa mkewe alikuwa wa ukoo wa baba. Daftari lake tulilizika kwenye migomba ndani ya mkebe. Alilima maharagwe nasi, na nyumbani tuliagizwa kumwita mjomba.

Siku moja ikaja habari kwamba nyanya yangu, mama yake mama, amefariki Bungulu, kule Beni. Mama akasema hatamwacha mama yake azikwe bila yeye. Mwalimu naye alitaka njia ile ile, kwani alikuwa na ndugu Kamango, karibu na mpaka wa Uganda, na huko asingejulikana. Tukapata nafasi kwenye lori la Baba Ramazani, mfanyabiashara Mwislamu ambaye waasi walimruhusu kupita kwa sababu alibeba chumvi, na chumvi hata mwasi anaihitaji. Mwalimu alivaa koti la baba lililochanika, jembe begani. Baba, aliyebaki kulinda nyumba, alituambia mimi na mama maneno machache: "Huyu ni mujomba, mulimaji. Bingine hamujue."

Nitasema ukweli, ingawa unaniaibisha. Nyanya alikuwa amekufa, na mimi nilikuwa nafurahi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda lori. Nilihesabu madaraja, nikawapungia mkono watoto wa njiani, huku mama ameinamisha kichwa kando yangu.

Kabla ya Beni tukakuta gogo limelazwa barabarani. Vijana waliojifunga majani kichwani walituamuru tushuke. Na pale kando, chini ya kibanda cha matawi, palikuwa na meza. Meza yenye kitambaa, karatasi na muhuri, na mtu amekaa nyuma yake.

Miguu yangu ilijua la kufanya kabla ya kichwa. Niliwapita watu wazima wote, nikasimama wima, mikono nyuma, nikasalimu na kutaja jina na safari yetu. "Bonjour, monsieur le chef. Je m'appelle Masika. Nous allons à Beni."

Wote wakanigeukia. Nilidhani wanastaajabia Kifaransa changu. Nikageuka kumtazama mama ili anione, na uso wake ndio ulionieleza nilichofanya.

Yule mtu aliweka muhuri chini polepole. "Nani alikufundisha hii luga ya bazungu?"

Niliinamisha macho.

"Mwalimu yako, iko hapa kati ya hawa batu?" Akasimama, akaanza kuwatazama wanaume mmoja mmoja, viganja na nyuso. Mwalimu alikuwa wa tatu.

Nilijua kwamba neno langu moja likikosea, mtu yule wa jembe hatafika Kamango wala kurudi kwa mkewe. Na uongo wa kujibu swali hilo sikuwa nao. Nilikuwa nimepewa maneno ya bureau, soko na wakwe, basi. Ndipo nikaikumbuka ile zero.

Nikakaa chini. Palepale kwenye vumbi, nikajifunika kichwa kwa kitambaa cha mama, nikanyamaza. Na katika ule unyamavu nyanya akanijia. Kila nilipokwenda kwake alikuwa amenifichia kipande cha boga, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Nikaelewa kwamba safari hii hakuna aliyenifichia kitu. Machozi yakatoka yenyewe, bila sauti.

"Mutoto, ninakuuliza."

Mama akaja akakaa kando yangu. Wanawake wengine wawili wa lori wakakaa. Baba Ramazani akakaa. Mwalimu akalaza jembe lake, akakaa wa mwisho. Yule mtu alibaki amesimama peke yake juu yetu, na nadhani popote alipotoka, alilelewa na mtu. Watu waliokaa hivyo hawahojiwi kutoka juu. Baada ya muda mrefu akachuchumaa, na sauti yake ikawa nyingine.

"Nani alikufa?"

"Mama yangu," mama akasema. "Iko Bungulu. Balikuwa bananingojea kwa kumuzika."

"Pole, mama." Akawageukia vijana wake. "Mutoe ule muti. Baende bazike." Kisha akamtazama Mwalimu, akamtazama sana. "Na wewe, muzee ya jembe, umuchunge huyu mutoto."

Mpaka leo sijui alijua au hakujua.

Ndani ya lori hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Mama alinishika mkono mpaka Bungulu. Mwalimu alikaa nasi mazishini, kisha akaondoka kwa miguu kwenda Kamango.

Waasi walipofukuzwa, wakaja askari wa serikali na Kilingala chao, na shule ikafunguliwa. Mwalimu alirudi amekonda, bila tai. Ijumaa ya kwanza nilimfuata mezani. "Mwalimu, ile zero, utaifuta?"

Alilifungua lile daftari lililofukuliwa migombani, kurasa zimevimba kwa unyevu. Akaitazama zero yangu. "Hapana, Masika. Zero itabakia. Ile siku ya barrière, pale kwa gogo, ulikuwa unalia kweli. Kwa kilio ya kweli hapana kutia points."

Nilikasirika tena. Nilihitaji miaka mingi, na mazishi mengi ya watu wangu, ndipo nikamwelewa.

Sisemi enzi zetu zilikuwa peponi. Tulikuwa na chawa, fimbo na hofu. Lakini kila mlango tuliujua na namna yake ya kuingia. Wajukuu zangu wana Kifaransa, Kiingereza na Kilingala cha nyimbo, na lugha zote wanaziingiza nyumbani mwa watu na viatu vyao. Na siku hizi kwetu vilio ni vingi, Beni na Butembo, kiasi kwamba mtu angetegemea tuwe mabingwa.

Mwaka jana tulimzika Mwalimu Kasereka, mzee kabisa. Nilikwenda na mjukuu wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Tangu getini kidole gumba chake kilikuwa kinaandika "condoléances", yaani rambirambi, na kile kijiuso kinacholia, akimtumia mtoto wa marehemu aliyekuwa hatua ishirini mbele yetu. Nilitaka kumfinya.

Tulipofika mlangoni akamwona mjane kwenye mkeka, na kidole kikasimama.

"Koko," akaninong'oneza, maana ndivyo anavyomwita nyanya yake, "mimi nitasema nini?"

"Kaa chini kwanza."

Akatia simu mfukoni, akakaa karibu na yule mama mzee, akainamisha kichwa. Baada ya kitambo nikaona mabega yake yanatikisika.

Sikumpa alama.