Abishaye Hafunguliwi

Wenzake katika chumba cha kushonea cha hospitali walimwita Bi Pindo, kwa sababu pindo alilolikunja yeye lilikaa kama limechorwa kwa rula. Alishona mashuka, mapazia na sare za wauguzi. Hakuwa na mtoto, na mume alikuwa ameshamtangulia mbele ya haki. Nyumbani alibaki na mdogo wake wa tumbo moja, fundi lifti, mwanamume wa makamo ambaye mchana alining'inia kwenye mashimo ya lifti na jioni alizama kwenye magemu.

"Mtu mzima na ndevu zako, unakimbizana na katuni," dada mtu alizoea kumwambia akipita na beseni la nguo.

"Sikimbizani na mtu, dada. Natafuta njia."

Gemu alilolipenda kuliko yote lilitengenezwa na vijana wachache waandikao Kiswahili cha mafumbo. Mtu mdogo mwenye taa anazunguka katika mji uliofukiwa na mchanga. Hana ramani, hana wa kumwelekeza, na kila dokezo analopewa ni nusu ya maneno. Fundi alikuwa amekwama kwa muda mrefu mbele ya lango la jiwe. Pembeni yake ilisimama sanamu ya bawabu aliyejifunika uso, na juu yake yalichongwa maneno mawili: *Abishaye hafunguliwi.*

Kiharusi kilimkuta kazini, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa maji. Wenzake walishukuru kwamba hakikumkuta juu. Aliporudishwa nyumbani, upande wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: kesho. Ukimuuliza kama ana njaa, kesho. Ukimuuliza wapi panauma, kesho. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wa fundi ulikuwa kama umeota mfupa. Alichoambiwa alikielewa chote, na hilo ndilo lililomtesa.

Mtaalamu wa usemi, binti mpole aliyekuja kila wiki, alimletea kadi zenye picha za kikombe, mbuzi na kiatu. Fundi alizitazama, akazisukuma zikamwagika sakafuni.

"Usimlaumu," binti alimwambia Bi Pindo wakiziokota. "Zinamfanya ajione mtoto. Tafuta kitu alichokipenda mwenyewe, mkifanye pamoja. Maneno hufuata moyo."

Kwa hiyo alasiri moja, baada ya kazi, Bi Pindo alifuta vumbi kwenye mashine ya gemu, akaiwasha. Kontrola, kile kidude cha kuchezea, hushikwa kwa mikono miwili: kushoto kuna kijiti cha kumtembeza mtu, kulia kuna vitufe vya kutenda. Mdogo wake alikuwa na mkono mmoja tu. Bi Pindo alikaa kuumeni kwake, bega kwa bega, wakakishika kila mmoja upande wake. Fundi alitembeza, dada akabonyeza.

Siku za kwanza zilikuwa vituko. Bi Pindo alibonyeza kuruka mahali pa kuinama, mtu mdogo akatumbukia shimoni.

"Kesho!" fundi alifoka.

"Na wewe uliniambia lini?" dada alimjibu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mdogo wake naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu augue.

Walirudia sehemu alizokwisha kuzipita, mpaka wakafika langoni. Hapo kicheko kiliisha. Mwanzoni Bi Pindo aliamini fumbo linakataza kugonga, basi wakasimama kimya mbele ya jiwe, chai ikapoa pembeni, na lango likabaki lango. Walizunguka nyuma, hakuna kitu. Mtandaoni mchezaji mmoja aliandika wazime taa, mwingine akasema wangojee dhoruba ya mchanga, na wa tatu akajibu kwamba aliyelipita hasemi, maana kusema ni kuharibu utamu.

Walipomkaribia bawabu, alisema: *Umeiba taa hiyo.* Chini yakatokea maneno mawili ya kuchagua, Ndiyo na Hapana. Hawakuwa wameiba, mtu mdogo aliiokota penye kaburi mwanzoni kabisa. Wakajibu Hapana, bawabu akanyamaza. Safari nyingine walijaribu Ndiyo, taa ikafifia kama inayoadhibiwa, nao wakarudi nyuma haraka.

"Fumbo mfumbie mjinga," Bi Pindo alinung'unika. "Haya, mjinga amepatikana."

Wiki iliyofuata alikaa jikoni na mtaalamu wa usemi. Alikuwa ameipiga pasi sare ya mdogo wake, ile ya kazini, na kuitundika mlangoni.

"Akipata nguvu ya mkono atarudi kwenye lifti zake," alisema.

Binti alikiweka kikombe chini. "Mama, mkono huo hautarudi wa kupanda juu. Daktari alishakueleza."

"Daktari si Mungu. Ana mwili mgumu yule, utaona."

"Nimekwambia mara ngapi? Kila ninachosema unabisha. Yeye anajua, mama. Wewe ndiye unayebisha."

Neno hilo lilimkwama Bi Pindo sikioni. Kubisha. Siku zote katika maneno ya langoni alisikia kubisha hodi, kugonga mlango. Hakuwa amesikia humo kubisha kwa mtu asiyekubali aambiwalo. Alimsindikiza mgeni mpaka nje, akarudi ndani. Alijua jibu la gemu, na alijua pia kwamba binti yule hakuwa akisema habari za gemu.

Jioni ile walirudi langoni.

"Safari hii hatubishi," alimwambia mdogo wake. "Lolote atakalosema, tunakubali."

Fundi alimgeukia, akamtazama sana, kisha akakisukuma kijiti.

*Umeiba taa hiyo.* Ndiyo. Taa ikafifia. *Uliwaacha waliokungoja.* Ndiyo. Ikabaki cheche. *Nguvu zako zimekwisha.* Bi Pindo akabonyeza Ndiyo. Kioo cha gemu kikawa giza, yakabaki maneno tu: *Hutarudi ulikotoka.*

Kidole chake kiligoma. Aliwaza kwamba akibonyeza, yote mdogo wake aliyoyakusanya kwa miaka yatafutika. Ndivyo alivyojiambia. Lakini machozi yaliyomdondoka juu ya vitufe hayakuwa ya gemu.

"Bonyeza," sauti ikasema.

Ilikuwa nzito, imepinda, kama mlango wenye kutu. Bi Pindo aligeuka. Mdogo wake alikuwa akimtazama yeye, si kioo.

"Umesemaje?"

Fundi alihangaika, shingo ikamtoka mishipa. "Bo-nyeza. Dada."

Akabonyeza. Lango likafunguka, na nyuma yake lilikuwepo bonde pana lenye mwanga, lakini hakuna aliyeliangalia. Bi Pindo alikuwa amekilaza kichwa cha mdogo wake begani, analia kwa sauti, na fundi akimpigapiga mgongoni kwa mkono wake mzima.

Siku chache baadaye aliomba ruhusa kazini, akaenda na sare ile mpaka kwenye karakana ya lifti. Msimamizi alipoiona imekunjwa, alielewa kabla hajaambiwa.

"Hatarudi," Bi Pindo alisema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumtoka.

Msimamizi alivua kofia. "Tulikuwa tunamtunzia nafasi, dada. Mwambie hakuna aliyesikia lifti mbovu kama yeye. Aliweka sikio ukutani, akakwambia ugonjwa."

Alipofika nyumbani alimweleza mdogo wake yote, neno kwa neno, wala hakuongeza kwamba atapona. Fundi alilia. Dada hakumnyamazisha, alikaa karibu, akamwacha alie mpaka amalize.

Maneno mengine yalirudi polepole, machache, mengi yakiwa ya kuamrisha: ruka, kulia, subiri. Hukumu ya daktari juu ya mkono haikubadilika. Bi Pindo aliendelea na kushona, na alasiri jua lilipogonga kioo cha gemu wakashindwa kuona, alileta vipande vya kitambaa kizito kutoka kazini, akaviunga, akaning'iniza pazia kwenye dirisha la chumba cha mdogo wake.