Matufaha Mawili na Nusu ya Fidelina

Tufaha halioti Cerro Hondo, kule kwenye milima ya Morazán, nchi ya El Salvador. Joto haliliruhusu. Hata hivyo, mwaka ule kompyuta ya serikali ilikuwa na hakika kwamba Fidelina Chicas anayo mawili na nusu.

Shida ilianzia kwenye neno. Watu wa kule hupima shamba kwa manzana, na tunda la tufaha nalo huitwa manzana. Ofisi ya ardhi iliandika kwamba Fidelina ana manzana mbili na nusu, ikapeleka habari kwenye ofisi ya mbegu, inayowagawia wakulima mahindi ya kupanda. Ofisi hizo zilikuwa zimetia saini makubaliano: kila moja ipokee maneno ya mwenzake kama yalivyo, isiguse hata nukta. Kompyuta ya mbegu ikafungua kamusi yake, ikaona tunda. Na mwenye matunda hapewi mbegu za mahindi.

Fidelina alikuwa mjane, mtu wa sala, msema polepole. Ghalani hakubakiwa na punje ya kupanda, na sikukuu ya San Isidro, mvua inapoanza, ilikuwa imebaki siku tisa. Asipopanda siku hizo, mwaka mzima hana tortilla, mkate wao wa mahindi.

Akaja mkaguzi wa ofisi ya mbegu, binti aitwaye Nohemy, karatasi mkononi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuyaona matufaha."

"Marahaba mwanangu. Matufaha gani?"

"Mawili mazima na lile la nusu. Hiyo nusu nyingine kaila nani?"

Fidelina akamwonyesha shamba, limelimwa safi mpaka kijitoni. "Ndiyo hayo. Unayakanyaga."

Nohemy akainua mguu haraka kama aliyekanyaga yai. "Mimi shamba naliona, mama. Ila hapa hapana pa kuandika shamba. Wanauliza tu kama lile la nusu limefunikwa, nzi wasitue."

"Andika halijafunikwa. Ningelifunika kwa mahindi, mbegu mmeninyima."

Kesho yake akashuka mjini, ofisi ya ardhi. Mzee Amílcar, aliyezeekea kwenye meza ile, akapandisha hasira.

"Manzana ni ardhi tangu enzi za babu yangu! Hao wa mbegu wabadilishe kamusi yao!"

"Wao wanasema mbadilishe ninyi."

"Thubutu! Tukiligusa neno, makubaliano yamevunjika." Akacheka peke yake. "Ngoja, dada. Manzana moja ni tarea kumi na sita. Kwa hiyo wewe una tarea arobaini. Naandika hivyo, tuone safari hii watakula nini."

Fidelina akarudi nyumbani anamshukuru Mungu. Wala hakukumbuka kwamba tarea pia ni ile kazi ambayo mwalimu humpa mwanafunzi akaifanyie nyumbani.

Baada ya siku nne ikaja barua ya ofisi ya elimu, ambako kompyuta ya mbegu ilikuwa imezipeleka zile tarea. Fidelina Chicas, miaka hamsini na minane, hajakamilisha kazi arobaini za shule. Aripoti kwa mwalimu.

Mwalimu Reina, aliyekuwa akiwafundisha wajukuu wa Fidelina, alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Fidelina! Umetoroka darasa la tatu miaka yote hiyo, leo ndio wamekukamata!"

"Usinicheke, mwalimu. Zimebaki siku nne na mbegu sina."

Mwalimu akaisoma barua tena. Chini kabisa iliandikwa: mwanafunzi apewe vifaa vyote vya kufanyia kazi hizo, mwalimu avitaje. Akavaa miwani. Akaandika: Somo, kupanda. Vifaa, mahindi ya mbegu, gunia moja.

Hakuna aliyeuliza kitu. Neno mahindi, Mungu ni mkubwa, lilikuwa na maana moja tu katika kila kamusi. Siku moja kabla ya San Isidro gari la shule likaleta gunia, na juu yake rula na chaki.

Mvua ya kwanza ilimkuta Fidelina shambani. Mahindi yalipofika kwenye kifundo cha mguu, Mwalimu Reina akaja na kalamu nyekundu, kwa sababu ofisi ilitaka alama. Akapita tarea moja baada ya nyingine, akiweka vema. Kwenye ya thelathini na tisa akasimama. Mstari ulikuwa umepinda kama mkia wa nguruwe, tena una mapengo.

"Hapa ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nasali, mwalimu."

"Rudia."

Fidelina akapapasa mfuko wa aproni, akakuta punje chache zimebaki. Akaenda kuchukua kijiti chake cha kupandia.