Kadhi Aliniuliza Nataka Kukaa na Nani

Hamjambo nyote. Jina langu lifichwe, maana wanangu wamo humu na hawachelewi kunijia juu. Mimi ni bibi wa karibu miaka tisini, mwenyeji wa Likoni, na anayeniandikia ni binti wa jirani. Mengi nimesahau, hata miwani naitafuta nami nimeivaa. Hili sijalisahau.

Ilikuwa miaka ya vita, wanaume wakichukuliwa kwenda kupigana Bama, yaani Burma. Babangu, kibarua wa bandarini, alikuwa ameachana na mamangu, akaja kunidai. Mamangu akasema sitoki. Mambo yakafika kwa kadhi. Nilikuwa na miaka minane, na kwetu mtoto akishapata akili huulizwa mwenyewe amtakaye.

Tulipokuwa tukingoja nje, shangazi, dadake baba, akaniinamia. "Ukimtaja mamako, babako ataonekana hana mtoto wa kumlea. Watampeleka vitani afe. Wataka afe?"

Mtoto mie, nikaamini. Babangu nilimpenda, lakini moyo wangu ulikuwa kwa mama.

Kadhi akaniita taratibu. "Binti."

"Abee."

"Wataka kukaa na nani, mwanangu?"

"Na baba."

Mamangu hakulia pale. Alinifunga leso yangu vizuri shingoni, akasema, "Amesema mwenyewe. Msimlazimishe." Kisha akaenda zake. Wallahi nilitaka kumkimbilia, nikaogopa nitamuua baba.

Baadaye nilikuwa nikimtembelea mama sikukuu. Ananipikia muhogo wa nazi, ananiuliza habari, lakini lile halitajwi. Nami naona haya. Kila mwaka nasema mwaka huu nitamwambia. Akafa nina mimba yangu ya kwanza, akiamini nilimkataa. Na kumbe hakuna aliyekuwa na haja ya kumpeleka babangu popote, umri wake ulishapita! Shangazi alinidanganya mchana kweupe, na mimi nikamvunja mamangu moyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Naumia mpaka leo, jamani.

Sasa mjukuu wangu ameachana na mkewe. Wana binti wa miaka tisa, kitukuu changu, nalala naye kitanda kimoja tangu aache kunyonya. Mamake ataka kumchukua waende kwao Voi. Kesi ni wiki ijayo, na wameambiwa mtoto ataulizwa. Mjukuu wangu kanipigia magoti: "Bibi, wewe anakusikia. Mwambie akienda, utakufa."

Nilimfukuza kwa mkongojo, mwana hana adabu yule. Lakini wacha niseme kweli: mimi pia nataka abaki. Akienda Voi, kwa umri wangu huu, ndiyo kwaheri.

Jana, nikimsuka nywele, kaniuliza, "Bibi, mimi nikienda kwa mama, utalia?"

Nimejifanya sikusikia. Nikimwambia ndiyo, atabaki kwa kunihurumia. Nikimwambia la, atadhani simtaki. Na leo asubuhi kaniuliza tena. Nyinyi mliolea, nyinyi mliolelewa mbali na mama zenu, nishaurini: nimjibu nini mtoto huyu?