Trisikli ya Kwenda Misa

Wengine huchoka Ijumaa wakapumzika Jumapili. Dative, weh, siku ya Bwana ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Kukipambazuka tu anaoga, anavaa, anatupa kitenge kipana begani, kisha anaenda kuchutama mlangoni mwa chumba cha mama yake mkubwa. Anampa mgongo na kusema neno moja: "Panda." Mikono miwili inamzunguka shingo. Anakaza kitenge, anashika mwimo wa mlango, anajivuta mpaka magoti yanyooke. Hapo ndipo safari ya kanisani inapoanza, na mtaa wao wa Mabanga, hapa Goma, wote ni mawe ya volkano, mawe yenye meno.

Wewe uliyewahi kubeba mtu mzima mgongoni utanielewa. Wengine sikilizeni tu. Mtoto akibebwa hujishika. Mtu mzima anakuachia uzito wake wote, na juu ya uzito anakuongezea maneno: polepole, unanitikisa, angalia pale, usinipitishe karibu na yule mutu anisengenye. Dative alikuwa akijibu "Ndiyo, Mama Mukubwa" mpaka wafike, amkalishe kwenye benchi, akae pembeni yake, asinzie mahubiri yote.

Mama Mukubwa huyu ni dada ya marehemu mama yake Dative. Jina lake Séraphine, lakini mtaa mzima humwita Koko, maana amefikia umri wa kuwa bibi wa kila mtu. Miguu yake ilikufa taratibu, mmoja ukimfuata mwenzake, mpaka ikabaki ya kumfikisha chooni tu huku ameshika ukuta. Mikono lakini, Mungu ni mwema, mikono ilibaki ya chuma. Huyu ndiye aliyekuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, ya nusu ya mtaa, Dative akiiuza sokoni. Siku hizi mashine za kusaga sombe zimeingia, zinanguruma kila kona, na ule mchi umekaa nyuma ya mlango unakusanya vumbi.

Kwa hiyo Koko alikuwa amebakiwa na misa tu. Wiki nzima anakaa ndani akisikiliza mtaa unavyopita bila yeye. Kuna Jumapili mvua iliwazuia, akageukia ukuta, akakataa kula mpaka Dative akaita jirani amsaidie kumbembeleza. Dative hakuthubutu tena kusema hapana. Angesemaje? Familia ilipokimbia vita kutoka milima ya Masisi, Dative alikuwa msichana mkubwa, mkubwa kiasi kwamba kubebwa ni aibu, lakini mguu wake ulikuwa umechanika. Ni mgongo huu huu wa Séraphine uliomshusha mpaka Goma. Mtu akishakubeba hivyo, utamwambia nini?

Basi akabeba. Mpaka siku alipoenda zahanati kuomba dawa ya kiuno, muuguzi akamgusagusa mifupa, akakunja uso.

"Mama, unabebaka nini weye?"

"Mama yangu mukubwa. Ku misa."

"Wacha. Ukiendelea, mutalala bote bawili. Halafu nani atabeba mwenzake?"

Swali hilo lilimfuata njia nzima hadi nyumbani. Nani atabeba mwenzake? Na kuna jambo jingine ambalo hakumwambia muuguzi wala padri: alikuwa ameanza kuichukia Jumapili. Jumamosi jioni akiona kitenge kile kwenye kamba, anageuza uso. Alijiona mtu mbaya.

Alimpigia simu Rodrigue, mtoto wa Koko mwenyewe, wa kumzaa, dereva wa ofisi moja kule mtaa wa Himbi. Rodrigue ana maneno matamu. "Mubebe tu polepole, dada. Mungu anaona." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kutoka Himbi, kwa kweli, Koko alionekana mwepesi sana.

Ndipo Dative alipowaza trisikli. Goma nzima inazijua, baiskeli zile za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Walemavu wanavuka nazo mpaka wa Rwanda kutwa nzima, nyuma wamepakia magunia hadi huwaoni vichwa. Zamu yake ya likelemba ilipofika, ule mchango wa wanawake wa sokoni, pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mabati aliipeleka Birere kwa fundi Hilaire anayeunga vyuma. Mabati yangengoja, nyumba ilikuwa imezoea kuvuja.

"Nataka ndogo," alimwambia. "Ya mama muzee, ya kwenda ku misa. Sitaki kile kitanda cha mizigo huku nyuma."

Hilaire alivua miwani yake myeusi, akamtazama. "Mama, mi natengeneza trisikli. Ya misa siijue. Chuma iko na sheria yake: trisikli tupu inaruka ju ya mawe. Inataka muzigo."

Dative aliona ni maneno ya muuzaji asiyetaka kubadili kazi yake. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Akailipia hivyo hivyo, na kitanda chake cha kubebea magunia, akaisukuma mpaka Mabanga kiuno kikimpigia kelele.

Koko alikuwa amekaa kizingitini. Akaitazama kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma.

"Ni ya nani?"

"Ni yako, Mama Mukubwa."

"Yangu? Mi siko kilema."

"Mama Mukubwa, hujafa hujaumbika."

"Mithali zako peleka ku soko, pengine zitauzika. Batu batasema nini? Séraphine sasa iko anavukisha magunia ku bariyeri ya mupaka?"

Rodrigue naye, aliposikia, ndipo akapata muda wa kupiga simu. "Dative, unanifezehesha! Mama yangu ku trisikli, mbele ya batu?" Dative aliiweka simu kifuani mpaka sauti ile ilipoisha.

Jumapili ile, kwa kubembelezwa na kwa vitisho kidogo, Koko alikubali. Eh, Mungu wangu! Hilaire hakudanganya. Trisikli tupu kwenye yale mawe iliruka kama mbuzi aliyekata kamba. Koko alishika chuma kwa mikono miwili badala ya kuzungusha pedeli, akaita watakatifu wote aliowajua, na kabla hawajafika barabara kubwa akapiga kelele ashushwe. Hapo ndipo ungelia na kucheka pamoja: Dative alichutama, akamrudisha nyumbani mgongoni, kisha akageuka peke yake kwenda kuchukua trisikli. Misa ilikwisha yeye akiwa bado njiani.

Trisikli ikawekwa chini ya paa, kuku wakaifanya kitanda chao. Dative akarudi kwenye kitenge. Hakulalamika. Watu wakimuuliza habari alijibu "tuko tu," na kwetu mtu akisema hivyo hakuna anayeuliza la pili.

Halafu ikafika ile Jumapili ambayo mgongo ulikataa. Alichutama, akasema panda, mikono ikamzunguka shingo, akashika mwimo, akajivuta. Hakuna kitu. Akajivuta tena, na maumivu yakampasua kutoka kiunoni hadi kisiginoni, wakaanguka wote wawili sakafuni, Koko juu yake. Walibaki pale wakihema. Dative alikuwa anangoja kugombezwa. Lakini Koko, ambaye kifua chake kilikuwa kimelala juu ya ule mgongo, alijiviringisha pembeni, akaweka kiganja kwenye kiuno kile. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Leta ile kitu."

Jirani akamsaidia Dative kumpandisha, wakatoka. Dative akisukuma huku ameuma meno, Koko akizungusha pedeli huku amefumba macho, trisikli ikiruka. Karibu na njia panda, mwanamke mmoja mfanyabiashara, Bénita, aliyekuwa amesimama na magunia yake ya maharagi akitafuta usafiri, akawaona. Akaona nini? Mtu wa Goma akiona trisikli haoni mtu mwingine ila mvukisha mizigo. Akaja mbio.

"Mama wa trisikli! Mungu amekutuma. Nibebee!" Na kabla ya jibu gunia moja likawa limeshatua kwenye kitanda, pu!

Dative akawaka. "We mama, hauna macho? Huyu ni muzee, anaenda ku misa! Toa kitu yako!"

Bénita akashika mdomo. "Ayi, pardon, mama yangu. Mi niliona trisikli tu. Hata hivyo naenda kule kule, depo iko nyuma ya kanisa..."

"Nimesema toa!"

"Dative." Koko alikuwa amefumbua macho. Alijitikisa kitini, mara kulia, mara kushoto, akaona chuma kimetulia chini yake. "Wacha." Kisha akamgeukia Bénita. "Lile lingine nalo, liweke."

Na ikatulia, kwa kweli ikatulia. Magunia yaliikandamiza trisikli juu ya mawe, magurudumu yakashika njia, na ile mikono iliyotwanga sombe ya nusu ya mtaa ikapata tena kazi ya kufanya. Koko alizungusha akitoa pumzi kwa nguvu, jasho likimshuka, na Dative nyuma alijikuta anasukuma hewa. Watu wakageuka kumwangalia. Koko akawasalimia mmoja mmoja kwa jina. Walipofika kwenye depo, lile ghala nyuma ya kanisa, Bénita alimwachia sabuni ya kipande na bakuli ya maharagi, naye Koko akaikumbatia ile bakuli misa nzima, hata wakati wa kupiga magoti.

Kuanzia hapo habari ikaenea. Maji ya huyu, makaa ya yule, viti vya msiba vya kupeleka mtaa wa pili. "Koko, unapita wapi leo?" Anapita anakotaka. Rodrigue akapiga simu tena kuhusu aibu. Safari hii Koko aliipokea mwenyewe, akamwambia yuko kazini.

Utadhani Dative alipumzika. Alipumzika wapi? Alibaki na roho mkononi, akiwaza shimo, akiwaza pikipiki zisizo na breki. Na kutoka kitandani hadi kwenye trisikli bado ilikuwa ni mgongo wake. Kila asubuhi kitenge, kuchutama, panda. Hatua chache tu sasa, lakini kiuno hakijui hatua chache. Wakati mwingine, akiisikia sauti ya Koko inacheka kule barabarani, alisikia wivu, halafu uchovu ukaufunika hata wivu wenyewe.

Jumapili moja aliamka akaoga, akavaa, akatupa kitenge begani. Akachutama mlangoni. Akatoa mgongo.

"Panda."

Akangoja. Shingo ikangoja mikono, mikono haikuja.

"Mama Mukubwa, panda, tunachelewa."

Aligeuza kichwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka imenyooshwa kabisa. Nje, chini ya paa, kuku walikuwa wanazunguka mahali patupu. Jirani yao Evariste, aliyekuwa anapiga mswaki upande wa pili wa ukuta wa mawe, akamwambia: "Koko? Alishapita zamani. Anashika ukuta, anajivuta kwa mikono, huyo! Ameenda kubebea kwaya ngoma zao."

Dative alibaki amechutama. Alitakiwa afurahi, si ndiyo sababu ya kuinunua trisikli? Badala yake machozi yakamtoka, na tusidanganyane, hayakuwa ya furaha. Ilimuuma kwamba hakuambiwa. Na mgongo ule, hakujua aufanyie nini bila mtu juu yake. Akainuka kwa kushika mwimo kama siku zote, akaketi kwenye kitanda cha Koko apumue kidogo. Kisha akaegemea. Kisha akalala chali, kitenge bado begani. Kengele ya kanisa ikalia kwa mbali.

"Mungu, leo unisamehe," akasema, na usingizi ukamchukua.

Aliamshwa na sauti mlangoni. Jua lilikuwa limeshapanda. Ya kwanza ilikuwa ya Rodrigue, amekuja mwenyewe kutoka Himbi, na amekasirika.

"Mama, nimekuona kwa macho yangu! Ngoma! Mama yangu anabeba ngoma! Dative iko wapi? Anakuacha peke yako ku barabara? Dative!"

Dative alitaka kuruka. Mgeni amekuja, chai haijawekwa, nywele ziko hovyo. Lakini mlango ulikuwa umezibwa. Kupitia upenyo aliona gurudumu la trisikli, limewekwa kukingama kizingiti, na mkono wa Koko juu yake.

"Punguza sauti," Koko alisema. "Analala."

"Analala? Saa hii? Jumapili?"

"Analala. Padri mwenyewe ameniuliza, nimemujibu hivyo hivyo, mbele ya batu bote. Yule mutoto anachoka, Rodrigue. Anachoka toka zamani, na hakuna mutu alimuuliza. Weye haukumuuliza. Hata mimi, na nilikuwa juu ya mugongo yake, sikumuuliza."

Ikasikika miguu ya Rodrigue inasugua mawe.

"Sasa kama unataka kusaidia," Koko akaendelea, "shusha hizi ngoma, zirudishe ku nyumba kwenye kwaya inaziwekaka, na miguu yako. Mi sitoki hapa ku mulango."

Ndani, Dative alikuwa amekaa nusu, mguu mmoja chini, kama alivyozoea kuamka kila anapoitwa. Akasikia ngoma ya kwanza inashushwa, Rodrigue akiguna kwa uzito wake. Akaurudisha mguu kitandani, akavuta kitenge akajifunika, akageukia ukuta akalala tena.